Umri na akiba ya mayai: Kinachoamua mafanikio ya upandikizaji mimba

WAPO wanawake wanaofika katika kliniki za uzazi jijini Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wakiwa tayari wameshika karatasi ya maabara yenye herufi tatu: AMH. Baadhi hufika wamekata tamaa kwa kuwa namba iliyoandikwa mbele ya herufi hizo ni ndogo. Wengine hufika na matumaini makubwa kwa kuwa namba yao ni kubwa.

Makundi yote mawili yanaweza kuwa yamekosea.

Kipimo hicho hueleza jambo moja tu, nalo ni makadirio ya wingi wa mayai yaliyobaki katika ovari. Hakielezi mayai hayo yana afya kiasi gani, na kwa mwanamke anayetafuta mtoto hilo la pili ndilo zito zaidi. Kinacholieleza ni tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo haihitaji maabara wala malipo.

Kwa wanandoa wanaokaribia kulipa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya upandikizaji mimba, yaani kurutubisha yai kwa mbegu ya kiume nje ya mwili na kisha kulirudisha katika mfuko wa uzazi, tofauti kati ya mambo hayo mawili ni ya vitendo kabisa. Ndiyo huamua kama waharakishe, wasubiri, wabadili njia au wazitunze fedha zao.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria katika ripoti yake ya Aprili 2023 kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukumbwa na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Kiwango kilikuwa asilimia 17.8 katika nchi zenye kipato kikubwa na asilimia 16.5 katika nchi zenye kipato cha kati na cha chini. Kwa hiyo ile dhana kwamba ugumba ni maradhi ya Wazungu walioahirisha ndoa, ilhali Waafrika huzaa bila shida, haina mashiko.

Akiba isiyoongezwa

Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku tangu abalehe hadi uzeeni. Mwanamke hakujaliwa utaratibu huo. Mayai yake yote hutengenezwa yeye mwenyewe angali tumboni mwa mama yake, na baada ya hapo hakuna yai jipya linaloongezwa.

Mtoto wa kike aliye tumboni, mimba ikiwa na wiki zipatazo 20, huwa na vijiyai kati ya milioni sita na saba. Siku anapozaliwa huwa vimebaki milioni moja hadi mbili. Anapovunja ungo hubakiwa na kiasi cha 300,000 hadi 400,000. Afikapo umri wa miaka 37 idadi hiyo hukadiriwa kuwa kama 25,000, na hedhi inapokoma, ambapo kwa wengi ni karibu na umri wa miaka 50, huwa yamesalia kama 1,000 tu.

Katika hazina hiyo yote, mayai yanayopevuka na kutoka katika maisha ya mwanamke hayazidi 400 au 500. Mengine hufa yenyewe mwezi baada ya mwezi. Hufa wakati mwanamke ana mimba, hufa wakati ananyonyesha, na hufa wakati anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Wanaodhani kuwa vidonge huhifadhi mayai kwa sababu huyazuia yasitoke wanachanganya mambo mawili: vidonge huzuia yai kupevuka na kutoka, lakini havizuii mengine kupukutika.

Kasi ya kupukutika huko haifanani kwa wote. Wanawake wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuwa na akiba zinazopishana mara nyingi. Urithi una nafasi kubwa, na ndiyo maana daktari huuliza mama na dada wa mgonjwa walikoma hedhi wakiwa na umri gani. Uvutaji wa sigara huharakisha ukomo wa hedhi. Dawa za saratani na mionzi katika eneo la nyonga huweza kuteketeza sehemu kubwa ya akiba katika muda mfupi. Hali kadhalika upasuaji wa ovari, hasa wa kuondoa uvimbe unaotokana na endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, huweza kuondoka na mayai yaliyo jirani na uvimbe.

Wapo pia ambao ovari zao hukoma kufanya kazi kabla ya umri wa miaka 40. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa hali hiyo humpata mwanamke mmoja kati ya 100, lakini mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2024 umepandisha makadirio hayo hadi asilimia 3.5.

Kwa nini yai huzeeka

Ubora wa yai ni habari nyingine. Yai la binadamu huanza safari ya kujigawa kabla mtoto hajazaliwa, kisha husimama katikati ya safari hiyo. Huendelea tu siku linapopevuka, miaka mingi baadaye. Yai linalotoka leo kwa mwanamke wa miaka 41 limekuwa likisubiri kwa zaidi ya miaka 41, likiwa na kromosomu zake zimeshikana mbili mbili.

Kinachozishikilia kromosomu hizo ni protini ambazo hulegea kadiri miaka inavyopita. Wakati wa kugawana unapowadia, kromosomu hazigawanyiki sawasawa: upande mmoja hupata zaidi na mwingine hupungukiwa. Yai la namna hiyo linaweza kurutubishwa na hata kuonekana zuri chini ya hadubini, lakini kiinitete kinachotokana nalo mara nyingi hakijishikizi, au hujishikiza na mimba ikaharibika. Mara chache huendelea hadi mtoto kuzaliwa akiwa na hali kama ugonjwa wa Down.

Uchunguzi wa viinitete zaidi ya 15,000 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2014 ulionyesha ukubwa wa tatizo hilo. Viinitete vyenye kromosomu pungufu au za ziada vilikuwa vichache zaidi kwa wanawake wa miaka 26 hadi 30. Katika umri wa miaka 35 vilifikia takriban theluthi moja, katika miaka 40 vikavuka nusu, na katika miaka 43 na kuendelea vikawa zaidi ya vinne katika kila vitano.

Takwimu za mimba zinazoharibika zinafuata mkondo huo huo. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2019 ulibaini kuwa hatari ya mimba kuharibika ilikuwa ndogo zaidi kwa wanawake wa miaka 25 hadi 29, ambao ilikuwa asilimia 10, na ikapanda hadi asilimia 53 kwa waliovuka miaka 45. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa Down nao, ambao ni kama mmoja kati ya 1,250 kwa mama wa miaka 25, hufikia kama mmoja kati ya 100 kwa mama wa miaka 40.

Hedhi inayokuja kwa mpangilio haitoi habari yoyote kuhusu jambo hili. Mwanamke wa miaka 43 anaweza kuona siku zake kila baada ya siku 28 bila kukosea, na bado sehemu kubwa ya mayai yake ikawa haiwezi kutoa mtoto.

AMH inasema nini

Homoni ya AMH hutengenezwa na chembe zinazolizunguka yai ndani ya vijifuko vidogo vinavyoanza kukua katika ovari. Vijifuko vikiwa vingi, homoni huwa nyingi. Vikipungua, nayo hupungua. Faida yake kwa daktari ni kwamba haibadiliki sana ndani ya mwezi, hivyo damu inaweza kuchukuliwa siku yoyote.

Kabla ya hapo kipimo kilichotegemewa kilikuwa cha homoni ya FSH, ambayo ni lazima ipimwe katika siku ya pili hadi ya nne ya hedhi. FSH ikipanda ina maana kuwa ubongo unalazimika kuzihimiza ovari kwa nguvu zaidi. Kasoro yake ni kuwa hupanda ikiwa imechelewa, akiba ikiwa imeshapungua sana, na hubadilika kutoka mwezi mmoja hadi mwingine.

Njia ya tatu, ambayo inakaribiana na AMH kwa uhakika, ni kuhesabu vijifuko hivyo kwa ultrasaundi inayopitishwa ukeni mwanzoni mwa hedhi. Huhesabiwa vile vyenye kipenyo cha milimita mbili hadi 10 katika ovari zote mbili. Vikiwa chini ya vitano hadi saba, akiba huhesabiwa kuwa ndogo.

Katika AMH, namba iliyo chini ya nanogramu moja kwa mililita kwa kawaida huchukuliwa kuwa ndogo. Hapa kuna mtego unaowatesa wengi wanaosoma majibu yao wenyewe: baadhi ya maabara hutoa majibu kwa kipimo cha pikomoli kwa lita, ambapo nanogramu moja kwa mililita ni sawa na pikomoli 7.14. Mwanamke aliyepata 1.0 katika maabara moja na 7.1 katika nyingine hajaongezewa mayai. Amepewa jibu lile lile kwa kipimo tofauti. Hata maabara zinazotumia kipimo kimoja huweza kupishana kwa sababu mitambo yao si ya aina moja.

Vidonge na sindano za uzazi wa mpango hushusha AMH kwa muda. Kinyume chake, wenye tatizo la homoni ambalo huzifanya ovari ziwe na vijifuko vingi visivyopevuka huwa na AMH ya juu sana, na wengi wao hupata hedhi kwa kuruka miezi. Kwao namba kubwa si dalili ya uzazi bora. Ni dalili ya ugonjwa unaohitaji matibabu.

Jambo ambalo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa ukutani mwa kila maabara ni matokeo ya utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017. Uliwafuatilia wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, waliokuwa wakitafuta mimba kwa njia ya kawaida. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri na mambo mengine, waliokuwa na AMH ndogo walikadiriwa kupata mimba kwa asilimia 65 ndani ya mizunguko sita, na wenye AMH ya kawaida kwa asilimia 62. Kwa mizunguko 12 ilikuwa asilimia 84 dhidi ya 75. Kwa lugha nyepesi, akiba ndogo haikuwazuia. Mimba ya kawaida inahitaji yai moja kwa mwezi, na mwenye mayai machache bado hutoa yai moja kwa mwezi.

Kutokana na ushahidi huo, chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2019 kuwa kipimo hicho kisitumike kumtabiria mwanamke asiye na tatizo la uzazi. Hata hivyo, bado kipo katika vifurushi vya vipimo vinavyouzwa kwa wasichana ambao hawajaanza hata kutafuta mtoto, na baadhi yao hutoka hapo wakiamini kuwa ni wagumba.

Hesabu ya kupukutika

Mahali AMH inapostahili heshima yake ni ndani ya matibabu ya upandikizaji mimba. Hapo idadi ya mayai ina maana kubwa.

Katika matibabu hayo mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa kiasi cha siku nane hadi 14 ili mayai mengi yakue kwa pamoja. Baada ya sindano ya mwisho ya kuyapevusha, huvunwa katika saa ya 34 hadi ya 36 kwa sindano nyembamba inayoongozwa na ultrasaundi. Hurutubishwa maabara, viinitete huachwa vikue kwa siku tatu au tano, kisha kimoja, au pengine viwili, hurudishwa mfukoni. Majibu ya mimba hupatikana wiki mbili hivi baadaye.

Katika kila hatua kuna kupukutika. Mayai 10 yakivunwa, kwa kawaida manane hivi ndiyo huwa yamepevuka. Katika hayo manane, matano au sita hurutubika. Viinitete vinavyofika siku ya tano huwa viwili au vitatu. Hadi hapo hesabu haipishani sana kati ya mwanamke wa miaka 30 na wa miaka 40. Hupishana katika hatua ya mwisho, isiyoonekana kwa macho: kwa wa miaka 30 vingi kati ya viinitete hivyo huwa vizima, kwa wa miaka 42 inawezekana kabisa visiwepo vizima hata kimoja.

Ndiyo maana mwanamke wa miaka 42 angehitaji mayai mengi kuliko wa miaka 30, ilhali huo ndio umri ambao ovari hutoa machache. Uchambuzi wa matibabu zaidi ya 400,000 yaliyofanyika Uingereza kati ya mwaka 1991 na 2008 ulionyesha kuwa uwezekano wa mtoto kuzaliwa huongezeka kadiri mayai yanavyoongezeka hadi kufikia kama 15. Kati ya 15 na 20 hakuna nyongeza ya maana, na zaidi ya 20 huanza kushuka, mbali na hatari ya ovari kuvimba na maji kujaa tumboni, hali inayoweza kuhatarisha maisha.

Takwimu za mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma hiyo kwa mwaka 2019 zinaonyesha mteremko ulivyo. Matibabu yaliyoishia kwa mtoto kuzaliwa hai yalikuwa asilimia 32 kwa wanawake wa chini ya miaka 35, asilimia 25 kwa wa miaka 35 hadi 37, na asilimia 19 kwa wa miaka 38 na 39. Kwa wa miaka 40 hadi 42 ilikuwa asilimia 11, kwa wa miaka 43 na 44 asilimia tano, na kwa waliozidi hapo asilimia nne.

Chukua mfano wa wanawake wawili. Wa kwanza ana miaka 31 na AMH yake ni 0.6. Wa pili ana miaka 43 na AMH yake ni 3.0, namba ambayo ingempendeza hata msichana. Wa kwanza atavuna mayai machache, pengine matatu au manne, na huenda akalazimika kurudia matibabu. Lakini kila yai analopata lina nafasi nzuri. Wa pili atavuna mengi na kuondoka na matumaini, lakini mengi ya mayai hayo yana kasoro ya kromosomu. Kwa jumla wa kwanza ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kubeba mtoto wa yai lake mwenyewe, ingawa karatasi zao za maabara zinaonyesha kinyume.

Aliye katika hali ngumu zaidi ni yule ambaye mambo yote mawili yamemwendea kombo: amevuka miaka 40 na akiba yake ni ndogo. Mwaka 2011 yalichapishwa makubaliano ya wataalamu wa Ulaya yaliyofikiwa mjini Bologna, Italia, kuhusu vigezo vya kuwatambua wanaotarajiwa kutoa mayai machache mno, na umri wa miaka 40 na kuendelea ni mojawapo, pamoja na vipimo hafifu vya akiba au historia ya kuvuna mayai matatu au pungufu. Kwa kundi hilo mazungumzo ya wazi kabla ya kulipa ni haki ya mgonjwa.

Sindano nyingi, dawa nyingi

Mgonjwa aliyepata mayai machache mara nyingi huomba aongezewe dozi. Sindano haitengenezi yai. Huyakuza tu yale yaliyokwishajitokeza mwezi huo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 1,500, ulibaini kuwa kurekebisha dozi kwa kufuata akiba ya mayai hakukuongeza watoto waliozaliwa.

Kwa upande mwingine, ipo hofu kwamba sindano hizo humaliza mayai na kumzeesha mwanamke mapema. Hilo pia si kweli. Kila mwezi kundi la vijifuko huanza kukua, kimoja hushinda na vingine hufa. Sindano huviokoa vile ambavyo vingekufa mwezi huo huo, haziigusi akiba ya miezi ijayo.

Baadhi ya kliniki huuza nyongeza kama vidonge vya homoni ya DHEA au kudunga ovari chembe sahani za damu ya mgonjwa mwenyewe kwa madai ya kuzihuisha. Hadi sasa hakuna ushahidi wa kutosha kuwa huongeza watoto wanaozaliwa. Kuhusu chupa zinazouzwa mitaani na mitandaoni kwa jina la dawa za kusafisha kizazi na kuongeza mayai, hakuna mti wala mzizi uliothibitika kurudisha yai lililokwisha. Hasara yake kubwa ni miezi inayopita mtu akisubiri chupa ya pili na ya tatu.

Miaka inayopotea njiani

Katika ukanda huu sababu kuu ya wanawake kuhitaji upandikizaji mimba si mayai, ni mirija. Uchunguzi mkubwa wa WHO, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985, ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wa Afrika waliochunguzwa kwa ugumba walikuwa na tatizo linaloweza kuhusishwa na maambukizi, ikilinganishwa na asilimia 33 kwa dunia nzima. Kisonono, klamidia, na maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa katika mazingira hatarishi huacha makovu yanayoziba mirija.

Mirija iliyoziba ndiyo hasa upandikizaji mimba ulibuniwa kuikwepa. Mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyezaliwa kwa njia hiyo huko Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978, alikuwa na mirija iliyoziba. Mwanamke mwenye tatizo hilo akiwa na miaka 29 ana nafasi nzuri. Akifika kliniki akiwa na miaka 41, tatizo la mirija linatibika kama zamani, lakini sasa lina mwenzake, mayai yaliyozeeka, ambayo hayatibiki.

Kati ya umri huo na huo huwa imepita safari inayojulikana na wengi: zahanati, mganga wa jadi, maombi, dawa ya kupevusha mayai iliyonunuliwa duka la dawa bila kipimo, maneno ya mawifi, pengine ndoa ya pili. Mara nyingi katika safari hiyo yote mume hajapimwa. Tatizo la mbegu za kiume huchangia takriban nusu ya visa, na kipimo chake ni rahisi kuliko karibu kila kipimo anachofanyiwa mke. Kuanza na kipimo cha mume kungeokoa miaka mingi.

Wataalamu wanaelekeza kuwa mwanamke wa chini ya miaka 35 achunguzwe akikaa mwaka mmoja bila kupata mimba licha ya kukutana na mwenzi wake mara kwa mara. Akiwa na miaka 35 au zaidi asisubiri kupita miezi sita. Akivuka miaka 40, au akiwa na historia ya mimba kutunga nje ya mfuko, upasuaji wa ovari, hedhi isiyo na mpangilio au maambukizi ya nyonga, uchunguzi uanze mara moja.

Matibabu hayawezi kufidia muda wote uliopotea. Mtafiti wa Ufaransa, Henri Leridon, alikokotoa mwaka 2004 kuwa katika kila wanawake 100 wanaoanza kutafuta mtoto wakiwa na miaka 30, 75 watashika ndani ya mwaka mimba itakayoleta mtoto. Wakianza na miaka 35 watakuwa 66, na wakianza na miaka 40 watakuwa 44. Upandikizaji mimba, kwa hesabu yake, ungerudisha nusu tu ya watoto wanaokosekana kwa kuahirisha kutoka miaka 30 hadi 35, na chini ya asilimia 30 ya wanaokosekana kwa kuahirisha kutoka 35 hadi 40.

Asilimia za kwenye bango

Kliniki inaposema mafanikio yake ni asilimia 50, maswali ya kuuliza ni manne au matano. Je, ni asilimia ya mimba au ya watoto waliozaliwa hai? Ni ya wote walioanza sindano, au ya waliofika hatua ya kurudishiwa kiinitete tu? Wanaokosa mayai au viinitete huachwa nje katika hesabu ya namna ya pili, na hao mara nyingi ndio wenye umri mkubwa na akiba ndogo. Ni ya umri gani? Na je, imechanganywa na waliotumia mayai ya kuchangiwa?

Swali la mwisho ndilo huzaa mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Mfuko wa uzazi hauzeeki kama yai. Mwanamke wa miaka 45 akipandikizwa kiinitete kilichotokana na yai la msichana wa miaka 25, nafasi yake hukaribia ya huyo msichana. Watoto wa kwanza duniani waliotokana na mayai ya kuchangiwa walizaliwa katika miaka ya 1980.

Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua pacha, wa kike na wa kiume, katika kituo cha uzazi jijini Kampala ambacho kilianza kupata watoto kwa njia hiyo mwaka 2004. Habari hiyo ilienea Afrika Mashariki nzima, na wapo waliohitimisha kuwa umri si kitu tena. Mayai yalikuwa ya mchangiaji. Ndivyo ilivyo pia kwa habari nyingi za watu mashuhuri wanaojifungua wakikaribia miaka 50, ambazo aghalabu hazitaji yai lilikuwa la nani.

Yai la kuchangiwa haliondoi hatari za mimba yenyewe. Shinikizo la damu, kifafa cha mimba, kisukari cha ujauzito na kujifungua kwa upasuaji huongezeka kadiri mama anavyozidi umri, na zaidi akibeba pacha. Aidha, kuna mambo ya dini, nasaba na sheria ambayo wanandoa hulazimika kuyajadili wenyewe kabla. Kwa Waislamu wa Sunni, kwa mfano, wanazuoni wengi hawaruhusu mbegu au yai la mtu wa tatu.

Kuyagandisha mayai mapema

Njia iliyobaki ya kupambana na umri ni kuyatoa mayai yakiwa bado machanga na kuyagandisha. Mtoto wa kwanza kutokana na yai lililogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1986, lakini ufundi huo ulikuwa hafifu kwa muda mrefu kwa kuwa barafu ililipasua yai. Mbinu ya kugandisha kwa kasi kubwa ilibadili hali, na mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kikaacha kuiita huduma hiyo ya majaribio.

Yai lililogandishwa hubaki na umri liliotolewa nao. Aliyegandisha akiwa na miaka 32 na kuyatumia akiwa na 41 huhesabiwa kwa miaka 32. Lakini hesabu ya kupukutika haimsamehe: mengine hayaamki yanapoyeyushwa, mengine hayarutubiki, na anayegandisha mayai matano hajajiwekea mtoto mmoja benki. Akigandisha akiwa na miaka 41 atakuwa amehifadhi kwa gharama kubwa mayai yaliyokwisha kuzeeka.

Wenye haraka kuliko wote ni wanawake vijana wanaogundulika kuwa na saratani. Kwao uvunaji wa mayai unaweza kukamilika katika kipindi cha wiki mbili hivi kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, mradi daktari wa saratani na wa uzazi wawasiliane mapema. Dozi ikishaanza, nafasi hiyo huwa imepungua sana, na swali hilo ni bora mgonjwa au ndugu zake waliulize siku ile ile majibu yanapotolewa, hata kama hakuna aliyelitaja.